Campbelltown na swali la nani mwenye haki ya kumwitia mgonjwa msaada

Kusini magharibi mwa Sydney, nchini Australia, ndiko ulikozaliwa utaratibu ulioruhusu muuguzi wa kawaida kuwaita mabingwa wa wagonjwa mahututi bila kuomba ruhusa kwa mtu. Ni huko huko pia ambako wauguzi walilazimika kutoka nje ya hospitali yao ili wasikilizwe. Makala yetu ya leo inafuatilia historia hiyo na yale inayotuambia sisi wa Afrika Mashariki.

Msikilizaji, ukisafiri kutoka katikati ya jiji la Sydney kuelekea kusini magharibi kwa muda wa saa moja hivi, utafika Campbelltown. Ni nchi ya asili ya watu wa Dharawal. Jina la sasa ulipewa mji huo mwaka 1820 na Gavana Lachlan Macquarie, kwa heshima ya ukoo wa mkewe, Elizabeth Campbell. Kwa zaidi ya karne moja na nusu ulikuwa mji mdogo wa wakulima. Kisha Sydney ikapanuka, serikali ikajenga maelfu ya nyumba za kupangisha watu wa kipato cha chini, na familia changa zikamiminika. Hospitali ya Campbelltown ilifunguliwa mwaka 1977 ili kuwahudumia watu hao, na tangu siku hizo idadi yao haijaacha kuikimbia hospitali.

Lakini ili tuelewe yaliyotokea huko, hatuna budi kurudi nyuma kidogo na kwenda mbali, hadi Copenhagen, mji mkuu wa Denmark, mwaka 1952. Mwaka huo ugonjwa wa kupooza, yaani polio, uliushambulia mji kwa ukali usio wa kawaida. Katika wiki tatu za mwanzo, wagonjwa 31 waliohitaji kusaidiwa kupumua walitibiwa kwa vifaa vya wakati huo, na 27 kati yao wakafariki. Daktari wa usingizi, Bjørn Ibsen, alishauri njia nyingine: kutoboa koo la mgonjwa, kuingiza mpira, na kuisukuma hewa mapafuni kwa mfuko unaobanwa kwa mkono. Tarehe 27 Agosti aliijaribu kwa msichana wa miaka 12 aliyekuwa akikata roho, na msichana yule akanusurika kifo. Kwa kuwa mashine hazikutosha, waliitwa wanafunzi wa udaktari. Takriban 1,500 kati yao walikaa vitandani mwa wagonjwa kwa zamu, usiku na mchana, wakibana mifuko ile kwa mikono yao. Vifo vikapungua hadi chini ya nusu ya vile vya mwanzo. Mwishoni mwa mwaka 1953 Ibsen alikuwa na chumba maalumu katika hospitali nyingine ya mji huo, nacho huhesabiwa na wengi kuwa ICU ya kwanza duniani.

Nimeitaja habari hii kwa sababu moja. Tunapolisikia neno ICU leo, aghalabu tunafikiria mashine. Ilhali kilichowaokoa watoto wa Copenhagen kilikuwa macho na mikono ya mtu aliyeketi pembeni mwa mgonjwa asiondoke. Hata sasa, katika hospitali za Australia, mgonjwa anayepumuliwa na mashine huwa na muuguzi wake peke yake. Gharama yake ni kubwa, na ndiyo maana vitanda vya ICU ni vichache popote duniani.

Wazo la chumba maalumu lilienea haraka, lakini lilikuja na kasoro yake. Likajengeka ukuta. Ndani ya ukuta huo mgonjwa anaangaliwa kila dakika, na nje yake, katika wodi za kawaida, anaweza kupita saa nne au sita bila kupimwa. Mgonjwa alipozidiwa wodini, utaratibu ulikuwa kumwita daktari mdogo wa zamu, naye amwite mkubwa wake, na mkubwa huyo amwite bingwa. Kikosi cha kuamsha moyo kilikuja pale moyo ulipokwisha simama. Na moyo ukisha simama hospitalini, ni mgonjwa mmoja tu katika watano au sita anayerudi nyumbani akiwa hai.

Mwaka 1990 madaktari wa Miami, Marekani, walichapisha uchunguzi mdogo ulioshtua. Waliyarejea majalada ya wagonjwa 64 ambao mioyo yao ilisimama wodini. Katika kila 100, wagonjwa 84 walikuwa wameonyesha dalili za kuzidiwa katika saa nane zilizotangulia: pumzi kwenda mbio, akili kuchanganyikiwa, mapigo ya moyo kubadilika. Dalili ziliandikwa, tena kwa mkono wa muuguzi, lakini hakuna aliyeinuka.

Hapo ndipo inapoingia Hospitali ya Liverpool, iliyo umbali wa kilomita zipatazo 20 kutoka Campbelltown na katika eneo lile lile la kusini magharibi mwa Sydney. Bingwa wa wagonjwa mahututi wa hospitali hiyo, Profesa Ken Hillman, pamoja na wenzake walijiuliza swali ambalo leo linaonekana la kawaida: kwa nini tusubiri moyo usimame? Kufikia mwaka 1990 walikuwa wameunda kikosi cha dharura cha madaktari na wauguzi wa ICU ambacho kingetoka nje ya ukuta na kumfuata mgonjwa wodini. Maelezo yao yalichapishwa mwaka 1995, na tangu hapo mfumo huo umeigwa katika nchi nyingi.

Masharti ya kukiita kikosi yalikuwa ya namba, ili pasiwe na ubishi. Mgonjwa akipumua chini ya mara 5 au zaidi ya mara 36 kwa dakika, piga simu. Mapigo ya moyo yakishuka chini ya 40 au kupanda juu ya 140, piga simu. Shinikizo la juu la damu likienda chini ya 90, piga simu. Fahamu zikipungua ghafla, au degedege likiendelea, piga simu. Na mwisho wa orodha palikuwa na sharti moja lisilo na namba: ikiwa una wasiwasi juu ya mgonjwa, piga simu.

Sharti hilo la mwisho, kwa maoni yangu, ndilo lililokuwa mapinduzi. Hospitali ni mahali penye ngazi nyingi kama jeshi. Wahenga wetu walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na katika wodi nyingi za dunia msemo huo ungeweza kuandikwa mlangoni. Liverpool waliugeuza. Walisema wasiwasi wa muuguzi wa usiku, hata aliyeajiriwa juzi, unatosha kuwaondoa mabingwa vitini. Na bingwa akifika akakuta mgonjwa hana neno, hana ruhusa ya kumkemea aliyemwita.

Kuandika sharti ni jambo moja na kulifanya liishi ni jingine, na hili linaturejesha Campbelltown.

Mwishoni mwa mwaka 2002 kundi la wauguzi wa hospitali za Campbelltown na Camden lilimfikia aliyekuwa Waziri wa Afya wa jimbo la New South Wales, Craig Knowles. Malalamiko yao yalihusu usalama wa wagonjwa na vifo ambavyo, kwa mtazamo wao, vingeweza kuzuilika. Tume ya Malalamiko ya Huduma za Afya ya jimbo ilianza uchunguzi, na ripoti yake ikatoka Desemba mwaka 2003. Ilichunguza matukio 47 ya kati ya mwaka 1999 na 2003, na ikakiri kuwapo kwa huduma isiyofikia kiwango. Waziri mpya wa Afya, Morris Iemma, hakuridhika, kwa hoja kwamba ripoti haikuwawajibisha watu. Alimwondoa mkuu wa tume hiyo na kumteua wakili mashuhuri, Bret Walker, kuongoza uchunguzi maalumu, uliokamilika mwaka 2004.

Haki inatutaka tuseme kwamba si kila shutuma iliyotolewa katika miezi ile ilithibitika. Mathalani, tume huru ya kupambana na rushwa ya jimbo ilizichunguza tuhuma zilizoelekezwa kwa Bw. Knowles mwenyewe, na mwaka 2005 ikamsafisha. Mabishano kuhusu nani alisema nini na lini yaliendelea magazetini kwa muda mrefu. Walakini jambo moja halikuhitaji mahakama kuliona. Katika eneo lile lile la afya ambamo wauguzi walikuwa wameambiwa wapige simu wakiwa na wasiwasi, wauguzi wengine waliokuwa na wasiwasi hawakuona njia nyingine ila kutoka nje na kwenda hadi kwa waziri.

Wakati zogo hilo likiendelea, wataalamu walikuwa wakiupima mfumo wa Liverpool kwa mizani ya kisayansi. Utafiti huo ulihusisha hospitali 23 za Australia. Kwa kura, hospitali 12 zilipewa kikosi cha dharura pamoja na mafunzo ya wafanyakazi, na 11 ziliendelea kama zamani. Matokeo yalichapishwa mwaka 2005 katika jarida la kitabibu la Lancet, na yaliwavunja moyo wengi. Simu za dharura ziliongezeka kutoka takriban 3 hadi karibu 9 kwa kila wagonjwa 1,000 waliolazwa. Lakini jumla ya mioyo iliyosimama, vifo visivyotarajiwa na wagonjwa waliokimbizwa ICU bila kupangwa ilikuwa 5.31 kwa kila wagonjwa 1,000 katika hospitali zenye kikosi, dhidi ya 5.86 katika zile zisizokuwa nacho. Kitakwimu, hiyo si tofauti.

Wapinzani walisema: tuliwaambia. Lakini ndani ya matokeo yale palikuwa na takwimu nyingine, nayo ndiyo inayostahili kukumbukwa. Katika hospitali zenye kikosi, miongoni mwa wagonjwa waliokuwa wametimiza masharti na hatimaye wakaishia ICU, kikosi kiliitwa kwa watatu tu katika kila kumi. Yaani dawa ilipimwa ilhali wagonjwa saba katika kumi hawakuinywa. Hospitali zilipewa mafunzo ya miezi minne, zikapimwa kwa miezi sita, na desturi ya miaka mia moja ikatarajiwa iwe imekwisha.

Kwa nini hawakupiga simu? Watafiti wa nchi mbalimbali wamewauliza wauguzi swali hili, na majibu yanafanana kwa namna ya kushangaza. Wapo waliosema waliogopa kukaripiwa. Wengine walitaka kwanza daktari wa wodi aje, kwani ndiye mwenye mgonjwa. Wengine hawakuwa na hakika kama dalili ile ni kubwa kiasi hicho. Asikilizaye majibu hayo ataona kwamba ni sababu moja tu kati yake inayoondolewa na somo la darasani. Zilizobaki zinaondolewa na namna muuguzi anavyojibiwa siku anapopiga simu.

Kilichofuata huko New South Wales kilichochewa, kwa bahati mbaya, na msiba mwingine. Novemba mwaka 2005 msichana wa miaka 16 alifariki katika hospitali moja kubwa ya Sydney baada ya kupigwa kichwani na mpira wa gofu. Uchunguzi wa kifo hicho ulizaa tume ya wakili Peter Garling, ambaye Novemba mwaka 2008 alitoa mapendekezo 139 kuhusu hospitali za umma za jimbo zima. Tayari mwaka 2004, katikati ya zogo la Campbelltown, jimbo lilikuwa limeunda tume ya kusimamia ubora wa tiba. Tume hiyo ndiyo iliyopewa jukumu la kuwatambua mapema wagonjwa wanaozidiwa, na Januari mwaka 2010 ikazindua mpango wenye jina la kiufukweni: Kati ya Bendera.

Jina hilo lahitaji maelezo kwa msikilizaji ambaye hajafika Australia. Katika fukwe za huko waokoaji husimika bendera mbili za rangi nyekundu na njano. Anayeogelea kati ya bendera yuko machoni pao, na anayesukumwa na mkondo nje ya bendera hufuatwa kabla hajaanza kuzama. Kwa mfano huo, chati ya kila mgonjwa ilipakwa rangi. Muuguzi anapoweka alama ya mapigo au pumzi, jicho lenyewe linaona alama imeangukia wapi. Eneo la njano humaanisha timu ya wodi imwangalie mgonjwa ndani ya nusu saa. Eneo jekundu humaanisha kikosi cha dharura kiitwe papo hapo. Chati ikawa moja kwa jimbo zima, kutoka hospitali kubwa za jijini hadi zahanati za bara, na madaktari, wauguzi na wataalamu wengine wakapitishwa katika mafunzo ya aina moja ya kutambua na kumhudumia mgonjwa anayezidiwa.

Uzuri wa rangi ni kwamba haina cheo. Muuguzi hahitaji tena kusema, "Daktari, samahani, nadhani kuna tatizo." Anasema, "Mgonjwa yuko kwenye nyekundu." Mabishano yanapungua, na anayechelewa kuja ndiye anayebaki na la kujieleza.

Campbelltown yenyewe imebadilika. Mwaka 2007 chuo kikuu cha Magharibi mwa Sydney kilianza kufundisha udaktari mjini humo, kwa nia ya kuandaa madaktari ambao watabaki kuwahudumia watu wa eneo hilo. Hospitali imepanuliwa kwa mradi wa dola za Australia milioni 632, uliohusisha pia huduma za ICU. Na wimbi la korona lilipoipiga Sydney katikati ya mwaka 2021, Campbelltown ilikuwa miongoni mwa maeneo ya kusini magharibi na magharibi yaliyowekewa masharti makali kuliko sehemu nyingine za jiji.

Sasa turudi nyumbani. Mwaka 2025 jarida la Lancet lilichapisha utafiti mkubwa uliowashirikisha wataalamu wa Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili, jijini Dar es Salaam. Walihesabiwa karibu wagonjwa 20,000 katika hospitali 180 za nchi 22 za Afrika. Mgonjwa mmoja katika kila wanane alikuwa mahututi. Wengi wa hao mahututi, karibu saba katika kumi, hawakuwa ICU bali katika wodi za kawaida. Ndani ya siku saba mmoja katika watano alikuwa amefariki. Na miongoni mwa wale ambao pumzi zao zilikuwa zimeshindwa, wasiofika nusu ndio waliokuwa wakipewa oksijeni.

Takwimu hizo zinaweza kusomwa kama kilio cha kudai mashine, na mashine zinahitajika, hilo halina ubishi. Lakini oksijeni si mashine ya ajabu. Pale ambapo mtungi upo na mgonjwa hajawekewa, swali ni lile lile la Liverpool: nani alimpima, nani aliona, na alikuwa na haki ya kufanya nini? Muhimbili walikwisha kulijaribu jibu ndani ya ICU yao wenyewe. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2015, wafanyakazi walifundishwa kutambua dalili za hatari na kuchukua hatua rahisi papo hapo kwa mujibu wa mwongozo ulioandikwa. Kwa wagonjwa waliolazwa wakiwa na shinikizo la damu lililoshuka, vifo vilipungua kutoka 92 hadi 69 katika kila 100. Bado ni vingi mno. Lakini hakuna mashine mpya iliyonunuliwa kwa ajili ya wale waliookoka.

Hata hivyo tahadhari inatakiwa kwa anayetaka kuyanakili ya Australia neno kwa neno. Kuitwa kwa msaada ni nusu ya safari, na nusu ya pili ni kujua msaada utafanya nini. Kwa miaka mingi vitabu vya nchi tajiri vilifundisha kwamba mtoto aliyeishiwa nguvu za mzunguko wa damu aongezewe maji kwa wingi na kwa haraka kupitia dripu. Uchunguzi ulioongozwa na Kathryn Maitland kutoka Kilifi, pwani ya Kenya, uliwahusisha watoto 3,141 wenye homa kali nchini Kenya, Uganda na Tanzania, na matokeo yake yakatangazwa mwaka 2011. Miongoni mwa waliopewa maji hayo ya haraka, zaidi ya 10 katika kila 100 walifariki ndani ya saa 48, dhidi ya 7 kati ya wale ambao hawakupewa. Kikosi kinachofika mbio na tiba isiyomfaa mgonjwa wa mahali pale kinaweza kumdhuru. Ndiyo maana mafunzo ya Muheza au Soroti yanahitaji utafiti wa Muheza na Soroti.

Kuna pengo jingine ambalo chati ya rangi haiwezi kuliziba. Kenya imekuwa ikifundisha wauguzi wa wagonjwa mahututi kupitia chuo chake cha mafunzo ya tiba, na Muhimbili inatoa shahada ya uzamili katika fani hiyo. Wanaohitimu ni wazuri kiasi kwamba Uingereza, nchi za Ghuba na Australia zinawataka. Wapo Waafrika Mashariki wanaofanya kazi leo katika hospitali za Sydney, wakilinda kitanda kimoja kwa zamu nzima, ilhali waliosoma nao darasa moja wanabaki na wodi ya watu thelathini usiku, peke yao, na mashine moja ya kupimia shinikizo la damu inayozunguka kutoka kitanda hadi kitanda.

Muuguzi wa wodi hiyo ya watu thelathini ana msaidizi mmoja ambaye hahesabiwi: ndugu wa mgonjwa. Huko New South Wales, baada ya miaka ya Kati ya Bendera, haki ya kupiga simu ilisogezwa hatua moja mbele. Jamaa anayeona mgonjwa wake anabadilika, na ambaye amezungumza na wauguzi bila kuridhika, anaruhusiwa kuita msaada yeye mwenyewe. Wazo lililokuwa nyuma ya uamuzi huo ni kwamba mama anajua mwanawe anavyopumua kuliko chati. Katika hospitali zetu ndugu wamelala chini ya vitanda, barazani na chini ya miti tangu hospitali zilipojengwa. Wao ndio huleta uji, huwageuza wagonjwa, na mara nyingi huwa wa kwanza kusema kwamba leo hali ya mzee si kama ya jana. Ni hospitali chache sana ambazo zimewaambia kauli hiyo waipeleke kwa nani saa tisa ya usiku.